Gamba la Kabula

Katoro, Geita

Dada yangu Mama Nkwimba,

Shikamoo. Hapo Mhunze mmeamkaje, na mgongo wa mama unaendeleaje? Mvua imeshanyesha, au bado mnatazama mawingu? Kulwa na Doto hawajambo. Mimi ndiyo kwanza nimeinuka, homa ilinilaza.

Dada, nina wivu, na nikikuambia wa nani utacheka. Ni Kabula, yule chatu ambaye shemeji yako Masanja anacheza naye ngoma. Kumpa nyoka jina la msichana tayari ni dharau. Sasa anamsemesha kwa sauti ambayo mimi sijaisikia tangu tuoane!

Majuzi kikundi chao cha ngoma kiliitwa kucheza huko Runzewe. Kabula aliachwa kwa sababu macho yake yalikuwa na ukungu, dalili kwamba anataka kujivua gamba. Mimi nimeshaanza kutetemeka kwa homa, Masanja ananiaga: "Mama Kulwa, mwangalie Kabula. Usimshikeshike, ana hasira siku hizi." Kila akipiga simu: "Kabula anaendeleaje?" Mimi je? Hakuna.

Kisha gamba likagoma. Hewa ya huku ni kavu mno. Likatoka vipande vipande, na kingine kikabaki kimembana mkiani kama uzi uliofungwa kidoleni. Ncha ikaanza kuwa nyeusi. Nilisimama kando ya sanduku analofugiwa, dada, nikawaza: nikinyamaza, nani atajua? Akainua kichwa, akawa anakipeleka huku na huku, jicho moja bado limezibwa. Nikampigia Masanja.

"Usivute!" akapiga kelele. "Utamchuna. Mtie kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yasimfike puani. Halafu mzungushie gunia bichi, apite humo mwenyewe. Jicho usiliguse kabisa."

Basi mimi na homa yangu, mikono ndani ya beseni na chatu. Nikamhamishia kwenye gunia. Akajisugua kwenye mikunjo, polepole, gamba likabaki nyuma kama soksi iliyovuliwa, hata la jichoni. Aling'aa mpaka nikaudhika: mimi midomo imenipasuka, yeye kapendeza.

Kesho yake Masanja akarudi, akanipita mlangoni, moja kwa moja hadi kwenye sanduku.

"Pole, mama. Pole sana."

"Asante," nikajibu mimi.

Akageuka. "Nilikuwa namwambia..." Akaniona uso. "Unaumwa?"

"Tangu hujaondoka."

"Mbona hukusema kwenye simu?"

"Uliniuliza lini?"

Akafunga sanduku. Akanipeleka zahanati kwa pikipiki, wakanikuta na malaria, nikapewa dawa. Tuliporudi akawasha moto yeye, akanichemshia maji ya kuoga, akasimama nje ya bafu. "Hayajazidi moto?" Yalikuwa mazuri, dada, lakini nilinyamaza makusudi.

Akauliza tena.

Nisalimie mama, shemeji, na shangazi yetu muuza dengu. Mama usimwambie habari za wivu, atanicheka mpaka mgongo umrudie.

Ni mimi mdogo wako ninayekukumbuka,
Mbuke