"Haijulikani" ya Babu Yako

Kisiwa cha Rusinga,
Mbita.
12 Machi 2025

Mpendwa mjukuu wangu Chrispine,

Habari ya Ujerumani? Unakula kweli? Kwenye picha shingo imebaki mifupa. Mimi niko, magoti tu yananisumbua. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Dholuo umesahau na Kiingereza mimi sina.

Sasa nisikilize. Dada yako Lynnet alitengenezea chama chetu cha mazishi programu ya kuita watu kikaoni. Kila mwanachama ana kisanduku: amekufa, ndiyo au hapana. Kwenye cha babu yako Okeyo aliandika "haijulikani". Unajua kwa nini. Alizama karibu na kisiwa cha Remba, ziwa halikumrudisha, tukazika tunda la yago mahali pa mwili wake, kama mila yetu inavyotaka.

Juzi Lynnet alitumia kile chombo chako ulichokitengeneza huko na kujivunia, kinachopanga upya maandishi ya kompyuta na kukisia kila kisanduku kinabeba kitu cha aina gani. Kikaona ndiyo na hapana nyingi, kikaamua hakuna kingine. Hakikuuliza mtu. Babu yako kikamwandika hajafa.

Jumatatu asubuhi akaitwa kikaoni pamoja nasi. Simu yake ilizama naye, Chrispine. Lakini ujumbe ulifika, ukajibiwa: "Niko njiani."

Lynnet anasema laini ilishapewa mtu mwingine. Sawa. Jana ikaandika: "Nimefika Mbita. Mikayi aniwekee maji ya kuoga." Mikayi ni mimi, mke wa kwanza. Huyo mtu mwingine ananijuaje?

Nyinyi mliosoma hamjui kukisia. Mtoto mchanga akilia bila kukoma tunamtajia majina ya waliokufa, moja moja, tukingoja anyamaze kwa lipi. Hatumbandiki jina tu! Chombo chako nacho kipendekeze, kionyeshe kimeona wapi, kisha kingoje Lynnet akubali. Na "haijulikani" kiiache iwe aina yake. Hilo si kosa la kufagiwa. Ndilo jibu tulilonalo.

Lynnet amelirudisha neno kwa mkono. Kila akifungua, chombo kinalibadilisha tena. Kikao ni Jumapili, hapa kwangu. Kirekebishe kabla; barua hii Lynnet anakutumia kwa simu leo hii. Sitazika mtu mmoja mara mbili.

Mama yako Priscah anakusalimu. Msalimie mkeo Valentine, umwambie akulishe. Mungu akufunike huko kwenye baridi.

Ni mimi, nikupendaye hata nikikukaripia,
Nyanya yako, Dani Roselyn

Maji nimeyaweka. Usiniulize.