Kiapo Mbele ya Gari la Urojo

Jumatano, 8 Januari
Nyama imekatwa, ukwaju umekolea, mkaa umeshika. Nimefika Dubai, Nairobi, hata Mumbai; mishkaki kama yangu sijaiona. Skuli nilikimbia darasa la sita, lakini moto naujua. Kuriyat mji mdogo, kusini huku Uarabuni, na gari la chakula ni moja tu. Langu. Nikenda kununua barafu. Kurudi, nakuta la pili ubavuni. La buluu. Mwenyewe Nassor, wazee wake wamerudi kutoka Pemba kama wangu walivyorudi kutoka Unguja. Anauza urojo, mchuzi mzito wa viazi na ndimu. Kanisalimia kwa adabu. Adabu yake imenichukiza.

Alkhamisi, 9 Januari
Watu wote kwake. Nimemtuma mtu aniletee bakuli, nikala nyuma ya gari. Mtamu. Inauma.
Nikamtania: Wapemba waichume karafuu, moto watuachie sisi. Akanambia mishkaki yangu inafaa kugongea misumari. Watu wakacheka. Nikamrushia koleo la moto. Likampasua sikio.

Ijumaa, 10 Januari
Mkono wa kulia umeungua, naandika kwa kushoto.
Baada ya sala nilimwambia Nassor mbele ya watu: "Ukiuza bakuli moja hapa leo kabla ya Magharibi, mke wangu kaachika."
Wanaume wa huku huapa talaka kumlazimisha mgeni ale. Mie nimeapa kwa wivu. Zuwena mke wangu, miaka ishirini na mbili ya ndoa, yuko nyumbani anaanua nguo.
Nassor akawasha jiko. Nikamvamia. Nikampigiza kichwa dirishani, kioo kikamwagika. Akanimwagia mchuzi mkononi, akanipiga upawa mdomoni. Meno mawili yakatoka. Nikambamizia mlango vidoleni. Viwili vikaalika, nilivisikia.
Watu wanne wakanilalia. Kutoka chini naona mtu wa kwanza dirishani, noti mkononi. Nikalia. Nikamtaja Zuwena.
Nassor akafuta damu usoni. Akaikataa noti.
"Leo siuzi. Sadaka hii, kuleni."
Akagawa sufuria zima kwa mkono mmoja, damu inamchuruzika, mpaka adhana.

Jumamosi, 11 Januari
Sheikh kauliza: kauza? Hakuuza. Basi talaka haikuanguka. Nikarudi nyumbani nacheka, pengo wazi.
Zuwena alikuwa anafunga begi. Hakupiga kelele.
"Baba Aisha, umenitunga kijiti kimoja na nyama zako."
Kakake akamchukua, wakenda kwao Sib. 

Jumanne, 14 Januari
Gari langu nimelifunga. Vidole vya Nassor vimo kwenye plasta, hawezi kukata. Namkatia mie viazi, kwa kushoto, vibaya. Kasema hata mbuzi hawali viazi hivyo. Nimeendelea kukata.
Alasiri Zuwena kashuka kwenye gari la kakake. Kanipita. Kanunua bakuli kwa Nassor, kala kasimama.
Nikamsogezea ndimu. Hakunitazama. Kaichukua.