Herufi Mbili Nilizozikata

Nyumbani, chumba cha mbele,
Alhamisi, tarehe 12 Juni.

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Pokea salamu zangu zilizojaa heshima. Natumaini kifua chako kimepata nafuu na shemeji yu mzima. Mimi sijambo, ila moyo hauna raha. Dhumuni la waraka huu ni kuitangua barua yangu ya mwezi jana na kuomba uamuzi wako.

Katika barua ile nilikueleza kuwa dripu nyekundu ya saratani anayotiwa dada yetu "hujipachika katika nasaba na kuizuia isiendelee". Niliionea fahari sentensi hiyo. Nilimsomea na dada mwenyewe, akiwa kwenye cherehani, mguu ukasimama. "Nasaba? Na binti yangu ana mimba ya miezi mitatu! Sitaki." Nawe, kwa kuniamini, ukampigia simu ukamwambia aache. Dripu ya pili imempita.

Kaka, karatasi ya hospitali iliandika "vinasaba". Mimi nilidhani zile herufi mbili za mwanzo ni kosa la mpiga chapa, nikazikata kwa kalamu.

Juzi mfamasia alinifafanulia. Vinasaba ni maagizo yaliyomo ndani ya kila chembe ya mwili. Alichomeka kipande cha karatasi kati ya meno ya zipu ya koti lake, zipu ikakwama. Ndivyo dawa ile inavyojipenyeza: chembe hushindwa kujinakili, ikafa. Chembe za saratani hujinakili mbio, kwa hiyo ndizo huumia zaidi. Nywele zitanyonyoka, na moyo wake wataupima mara kwa mara. Ukoo haumo. "Mzee wangu," akasema, "Kiswahili chako kimezidi dozi." Sikuweza kucheka.

Nilikwenda kumwomba radhi dada. Hakuinua macho. "Bwana Kamusi, jana nasaba, leo vinasaba, kesho utaniletea nini? Kaka Mkubwa kasema niache, nimeacha." Uvimbe wa titi sasa waonekana hata juu ya nguo.

Sikupiga simu, kwani nililoliharibu kwa maandishi nimeona vyema kulikiri kwa maandishi. Dereva wa basi atakufikishia barua hii Jumamosi.

Mpwa wetu anakusalimu sana. Mungu akulinde huko uliko.

Daktari yu tayari kumpokea dada Jumanne asubuhi. Je, utaitengua kauli yako kwake kabla ya hapo? Naomba unijibu ndiyo au hapana.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kujuta,
Fundi viatu.