Tangazo la Mwisho

Kisugu, Kampala

Oyugi,

Natumaini uko salama huko Kisumu. Huku kanisa letu limejaa. Waanglikana tunasali asubuhi, Walokole mchana, na kila Jumatano akina mama wa mtaa, hata Waislamu, huleta watoto kupimwa uzito. Ule ukuta ulioujenga wewe katikati ya kanisa, kututenga sisi na Walokole, umebomolewa ili watu waenee. Matofali yake yamejenga choo.

Wandera, yule seremala, ananioa. Hanywi pombe. Ndoa yetu imeshatangazwa kanisani Jumapili mbili, na kila mara mchungaji huuliza kama kuna mwenye pingamizi. Watu mia tatu wamekaa kimya.

Tangazo la mwisho ni Jumapili ijayo, saa tatu asubuhi. Basi la Kisumu hufika hapa alfajiri.

Ni mimi,
Nabwire