Ile Arobaini na Tano ya Baba Yako

Cutler Branch,
Kentucky.
Jumatatu, 28 Oktoba 2019

Mpendwa mwanangu Raelene,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mwanao Josie, na kile kikohozi chake kimeshamwachia. Sisi huku tunaendelea vizuri. Mama yako mdogo Nadine anasumbuliwa na magoti lakini amekataa kupumzika, na juzi nilimkuta juu ya ngazi akisafisha mifereji ya paa. Nikimsema ananiambia nishike ngazi ninyamaze.

Malenge yamekuwa makubwa mwaka huu, na wiki mbili zijazo msimu wa kuwinda paa utafunguliwa, kwa hiyo hakuna mwanaume hapa mwenye mazungumzo mengine.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umesema Troy, yule mliyeachana, amekuja mara mbili kusimama kwenye gari lako nje ya duka la dawa unapofanya kazi, ingawa ile karatasi ya hakimu ya kumkataza kukukaribia anayo. Mara ya pili aliegemea mlango wa gari asitoke mpaka mlinzi alipokuja. Na bastola ya baba yako, ile ya risasi za arobaini na tano, ilikuwa nyumbani, ndani ya boksi la viatu juu ya kabati, kwa sababu ni nzito, inakuumiza kiunoni, na ukiifyatua mara moja risasi ya pili inakwenda darini. Halafu ukaniuliza: "Bamdogo, nikiiacha nikachukua ya milimita tisa, Baba asingenicheka?"

Hapo niliiweka barua chini, nikatoka nje kuzunguka ghala.

Unaikumbuka ile meza ya pembeni pale mgahawani kwa Lurleen. Kila Jumamosi ni walewale, kahawa na vile vimkate laini vya biskuti vilivyomwagiwa mchuzi mweupe, na kila mmoja ana chake chini ya shati. Pale unene wa risasi ndio unene wa mwanaume. Clete alipohamia kwenye tisa, Odell hakumpa nafasi ya kumeza. Alimwambia, "Clete, ndugu yangu, ukimpiga mtu na hiyo si atageuka akuulize nani kamkuna mgongo?" Baba yako hakuwa msemaji. Alikuwa akiigonga nyonga yake kidogo kwa kiganja, na sote tukajua arobaini na tano iko mahali pake.

Sasa nikwambie jambo ambalo nimelificha miaka minne, na naona aibu kuliandika.

Siku moyo wa baba yako Dewey uliposimama pale posta, naibu sherifu alinipa mfuko wa plastiki wenye vitu vyake. Saa, kisu, miwani, pochi. Na bastola. Haikuwa arobaini na tano. Ilikuwa tatu-themanini, kitu kidogo cha kujaa kiganjani, ndani ya mkoba wa ngozi wa mfukoni. Arobaini na tano niliikuta nyumbani kwake kwenye droo, chini ya soksi za baridi. Tangu alipopasuliwa nyonga hakuweza tena kuubeba ule uzito, na vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa baridi yabisi hata kuikoki ilikuwa shida. Hakumwambia mtu. Aliendelea kuigonga nyonga yake pale mezani, na hapakuwa na kitu.

Niliona haya kwa niaba yake. Nikaifungia ile ndogo kwenye sanduku langu. Baada ya mazishi, ukiwa umekaa jikoni kwangu huna hata machozi tena, nikakuwekea ile kubwa mapajani nikasema, "Hii ndiyo iliyokuwa kiunoni mwa baba yako mpaka siku ya mwisho." Nilidhani nakupa heshima. Kumbe nilikupa mzigo, na mzigo huo ndio uliokufanya usimame mbele ya Troy mikono mitupu. Nisamehe, mwanangu.

Jumatano nilichukua ile ndogo, arobaini na tano ya kuazima inayofanana na yako, na yangu ya tisa, nikaenda nyuma ya ghala na sahani za karatasi. Hatua saba, risasi tano tano, haraka kama mtu anayeogopa. Ya arobaini na tano ilitoboa sahani mara mbili, zilizobaki ziliingia kwenye udongo, na mimi mikono yangu si ya mtoto. Ya tatu-themanini ilizipata zote, ila ni nyepesi mno, inachapa kiganja, na kwa mtu asiyeizoea inachosha upesi. Ya tisa, yenye mpini wa kujaa mkononi, ilitulia. Tundu la tano lilikuwa karibu na la kwanza, naweza kuyafunika yote kwa kikombe.

Lakini usinunue kwa maneno yangu, maana umeona maneno yangu yamekufikisha wapi. Nenda uwanja wa shabaha wanaokodisha, na ukimkuta mwalimu mwanamke afadhali. Muuzaji akikuonyesha kadogo ka rangi ya waridi, mshukuru upite, maana hako kepesi ndiko kanakopiga teke kuliko zote. Jaribu tatu au nne. Chukua ile ambayo risasi ya tano bado unaiongoza wewe, na ambayo utakubali kuivaa hata siku umechoka. Josie bado mdogo, bastola isikae tena kwenye boksi la viatu, nunua na kasanduku ka kufuli.

Na kabla ya yote hayo, mlinzi akusindikize mpaka garini kila jioni, na safari hizo mbili za Troy zipeleke kwa hakimu zikiwa zimeandikwa na tarehe. Ningefurahi bastola yako izeeke bila kutolewa.

Jumamosi niliwaeleza wale wa mezani habari ya Dewey. Niliona kama nakuandikia wewe ukweli na wao nawaachia uongo, bado nitakuwa mwongo. Hakuna aliyecheka. Lurleen alisimama na birika mkononi. Kisha Odell, yule yule Odell, akaingiza mkono kwenye vesti akatoa kabastola hata leso ingekafunika. "Mwaka wa sita huu," akasema. "Na Clete, ukifungua mdomo kahawa yako jilipie." Clete akala biskuti yake.

Nadine anakusalimu sana, na Lurleen, na Odell amesema nikwambie umfikishie Josie busu la babu. Mungu akuzungushie ulinzi wake, uende kazini na kurudi salama, na Krismasi tukuone.

Ni mimi akupendaye siku zote,
Baba yako mdogo,
Vernon

Nyongeza: Ukidhani nimetunga haya ili kukutuliza roho, toa ule mkoba wa ngozi wa kuvalia bastola kiunoni niliokupa pamoja na ile kubwa, alioununua mpya baada ya kupasuliwa nyonga. Mkoba uliovaliwa miaka hupinda ukafuata nyonga ya mwenyewe. Huo wako, ambao hata wewe hukuuvaa sana, utaukuta umenyooka kama ulivyotoka dukani. Ule mdogo uko hapa mezani ninapoandika, umelika pembeni, na pale alipokuwa akiweka kidole gumba ngozi imekuwa nyeusi. Ukija utaweka chako hapo.