Nilimharibia Jirani Biashara kwa Majina ya Uongo, Kisha Nikaitwa Nimwombee

Bi Mwanakheri mpendwa, shikamoo. Nina shida na ninakuomba unisaidie, lakini kwanza nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana mimi mwenyewe nimekwisha kujihukumu na bado sijaona njia.

Mimi ni fundi wa mapazia hapa Mishomoroni, mwaka wa kumi na nne huu nina duka langu lililojengwa kwa mabati kando ya barabara, na wewe ukipita mtaani ukaona dirisha lina pazia lenye marinda yaliyolala sawasawa, basi huenda ni mkono wangu, mume wangu Ziro yuko kiwandani Changamwe, binti yetu Lynnette yuko chuoni, na kanisani mimi ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, nayasema haya si kwa kujisifu bali ujue ni mtu wa namna gani aliyefanya alilofanya.

Mwaka juzi alihamia chumba kilicho karibu na duka langu msichana kutoka Makueni, jina lake Nduku, mpole, anasalimia mkubwa na mdogo, na siku moja akaja akaniambia, "Mama Lynnette, mimi kushona sijui sana, lakini kuuza kwa simu najua. Wewe shona, mimi nipige picha niuze mtandaoni." Nikamcheka. Nikamwambia, "Mwanangu, pazia hununuliwa kwa mkono, halinunuliwi kwenye kioo cha simu." Akasema, "Sawa, mama," akaenda zake, akatafuta akina mama wawili wa kumshonea, na miezi sita haikwisha mizigo yake ikawa inapanda mabasi kwenda Voi, Kilifi, Taveta, hata Kitale, watu ambao hawajawahi kukanyaga Mishomoroni wanatundika mapazia ya Mishomoroni, na mimi niko pale pale na tepu shingoni tangu asubuhi, nafukuza nzi.

Kukosa wateja kuliniuma, lakini kilichonichoma hasa ni Agneta wa Bamburi, mteja wangu tangu anaolewa, aliposhuka kwenye bodaboda mbele ya duka langu, akanipita, akabisha hodi kwa Nduku, wala jicho hakunitupia.

Jioni ile ile nikaichukua simu kuukuu ya Lynnette, nikafungua majina matatu ya uongo. Kwa jina la kwanza nikaandika kwenye ukurasa wa Nduku kwamba pazia lake limechuja rangi maji ya kwanza, kwa la pili nikaandika nimelipa na mzigo sijauona, kwa la tatu nikaandika, "Huyu ni mwizi, jihadharini," na kote nikampa nyota moja moja, na Bi Mwanakheri sitakuficha, siku ile nilikula nikashiba.

Sikujua kwamba maneno ya mtandaoni hukimbia namna ile. Watu ambao hawajanunua kwake hata kitambaa cha meza wakaanza kumtukana, mwalimu mkuu mmoja wa Taveta aliyekuwa ameagiza mapazia ya mabweni akaghairi, na kila aliyempigia simu alianza kwa kumuuliza kama ndiye yule mwizi. Ikabidi amwachishe kazi fundi mmoja, na hapo ndipo nikajua kwamba fundi huyo ni Kafedha, mjane wa kanisani kwetu, ambaye mimi mwenyewe niliwasimamisha akina mama tukamwombea apate kazi, na kazi aliyoipata ndiyo ile.

Jumatano iliyopita Nduku akaja kwenye maombi yetu. Akasimama akasema, "Sijui nimemkosea nani. Kama kuna anayemjua, amwambie naomba msamaha kwa hilo nililomkosea, maana mwezi huu nikishindwa narudi kwetu." Akaketi. Kafedha akasema kwa sauti, "Mwenyekiti, tuongoze. Huyo adui Mungu amfichue!" Wote wakamzunguka wakamshika mabega, nami nikaweka mkono wangu juu ya kichwa chake, nikaomba. Niliyoyaomba siyakumbuki. Nakumbuka tu kwamba kichwa chake kilikuwa cha moto, na kwamba aliitikia amina kabla ya wenzake.

Tulipotoka akanishika mkono. "Mama Lynnette," akasema, "yule Agneta wa Bamburi alifika kwako? Alitaka pazia zito la sebuleni, nikamwambia mimi hilo siliwezi, aende kwako." Bi Mwanakheri, Agneta alifika kweli, siku mbili baada ya mimi kuandika yale maneno, nami nikadhani amerudi kwa hiari yake.

Nimemweleza mume wangu. Akasema, "Futa, unyamaze. Ukisema utashtakiwa, na kanisani utaketi wapi?" Nimekwisha kufuta, lakini hakuna kilichobadilika, watu walikwisha kuyapiga picha maneno yale na kuyasambaza. Sasa ninakuuliza, je, ninyamaze nimsaidie kwa siri, nimpelekee wateja polepole bila yeye kujua, au niseme nivunjike? Nijibu, mama yangu, hata kama ni kwa ukali.

Ni mimi fundi mwenye aibu, Mishomoroni.

BI MWANAKHERI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyotaka, na kukuhukumu nitakuhukumu, maana kama ungetaka kubembelezwa ungetosheka na maneno ya mumeo.

Wasomaji wangu wajue kwamba barua hii nimekaa nayo wiki tatu. Majina nimeyageuza, lakini Nduku angejitambua kwa mstari mmoja tu, na kulisoma jambo hili gazetini kabla hajalisikia kinywani mwako lingekuwa kosa la pili juu ya la kwanza. Kwa hiyo nilikupigia simu kwa namba uliyoiandika nyuma ya barua, na niliyokwambia nayarudia hapa, kwa sababu najua wenye simu za namna ile si wewe peke yako.

Wivu humpata kila mtu. Ungekuja kuniambia umemwonea wivu mtoto wa watu, ningekupa maji ya kunywa na kukurudisha nyumbani. Lakini wewe ulimpokonya riziki. Muuza nazi wa Kongowea akisingiziwa kwamba nazi zake ni mbovu, ataipasua moja hapo hapo watu waonje. Anayeuza mtandaoni atapasua nini? Mteja wa Kitale hana cha kushika wala cha kunusa, ana neno la mteja mwenzake tu, na wewe ukalitia sumu neno hilo. Mtu wa namna ile duka lake ni jina lake.

Msaada wa siri nilikukataza. Uongo ulisemwa hadharani, na ukweli usemwe pale pale. Nikakwambia uende mchana, peke yako, bila mchungaji na bila zawadi, umtajie majina yote matatu na umkabidhi ile simu. Nikakwambia usianze kwa kulia, kwa sababu ukilia itambidi yeye akubembeleze, na hiyo haki huna. Akitaka kukushtaki, ni haki yake, usimwombe aahidi lolote kwanza.

Namshukuru Mungu, ulikwenda. Alhamisi ukanipigia. Ulisema Nduku alikusikiliza bila kukukatiza, kisha akakuuliza jambo moja tu: "Ulipoweka mkono kichwani kwangu, ulikuwa unajua?" Ukamjibu, "Nilijua." Akainuka akatoka, akakuacha umeketi chumbani mwake kama mgeni aliyesahauliwa.

Lakini kesho yake alikuja dukani kwako. "Sijakusamehe, Mama Lynnette," akasema. "Ila simama hapo useme." Akakurekodi kwa simu yake, uso wazi, jina lako lote, ukisema wewe ndiye uliyeandika, kwamba mapazia yake hayachuji na mtu hajawahi kuibiwa. Jumapili ukasimama mbele ya akina mama ukayasema tena. Uenyekiti wakakuvua, wakampa Janice. Ukaniambia umeumia. Naam, ilipasa uumie.

Sasa lile swali lako la juzi, ambalo ndilo lililonifanya niichapishe barua hii, na Nduku mwenyewe ameniruhusu. Mwalimu wa Taveta ameiona ile video na ameagiza upya. Kafedha amerudi kazini, na Jumanne akakuletea dukani furushi la kitambaa na karatasi ya vipimo, akasema, "Nduku anasema sisi wawili hatutamaliza kwa wakati. Anauliza kama utashona." Ukanipigia na furaha yako: "Bi Mwanakheri, huku si kusamehewa?"

Siyo, mwanangu. Hiyo ni kazi, na kazi imekuja kabla ya msamaha. Ipokee kwa mikono miwili. Msamaha ni mali ya Nduku, atautoa siku anayotaka, na kama hatautoa, hilo pia utakaa nalo. Usimtumie watu wamsihi. Usimuulize kila asubuhi moyo wake umefika wapi.

Na uache kuiogopa simu. Biashara hii haitarudi nyuma kwa sababu fundi mmoja wa Mishomoroni amekasirika. Nchi nzima inaagiza kwa kidole, kuanzia viatu hadi magodoro, na itaagiza zaidi. Lakini mtandao haushoni, mama! Haujui marinda, haujui kitambaa kipi kitapauka kwenye jua la Voi. Hayo unayajua wewe, kwa miaka kumi na minne, na watu wa Kitale wanayataka, ila hawawezi kukufikia umekaa na tepu shingoni. Nduku anajua njia ya kuwafikia. Alikwambia hivyo mapema, ukamcheka. Safari hii mwambie Kafedha akufundishe kupiga picha ya pazia mchana, dirisha likiwa wazi, na ujifunze kumjibu mteja kwa adabu hata anapouliza swali lile lile mara tano. Ukiandika neno lolote mtandaoni kuanzia leo, zuri au baya, liandike kwa jina ulilobatizwa nalo.

Mumeo mwambie namsalimu, na kwamba mkewe ameketi pale pale alipokuwa akiketi kanisani, safu ya nyuma kidogo tu.

Shule zinafunguliwa wiki ijayo, na watoto wa Taveta hawatalala madirisha wazi kwa ajili ya majuto yako. Weka gazeti chini, ukakate kitambaa.