Bolti ya Chini ya Pikipiki ya Baba

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita

Nimeamka kabla yake tena. Nimechemsha maji, nimeweka chai, nimerudi chumbani kumtazama akilala. Kashindi wangu. Hata akikoroma anakoroma vizuri. Mama mkwe amepita dirishani akacheka: "Weye utamumaliza na macho!" Acha nimmalize.

Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 15, atanipeleka Runingu kwa wazazi wangu. Mara ya kwanza tangu harusi. Kabla ya hapo sikanyagi kwetu. Bibi-arusi akirudi peke yake, kijiji kizima kinasema amefukuzwa.

Tutakwenda na pikipiki ya Baba. Imenizidi umri. Baba alizunguka nayo bondeni kote akifundisha katekisimu, na siku ya harusi alimpa Kashindi ufunguo mbele ya watu: "Mwanangu umlete na hii. Nataka kuisikia ikiingia uani." Vigelegele. Nililia. Kashindi pia alilia, ingawa anakataa.

Kesho atabadilisha mafuta ya injini na filta. Nina furaha mpaka naogopa.

Jumanne, tarehe 4

Balaa.

Filta inakaa ubavuni mwa injini, nyuma ya kifuniko kidogo cha aluminiamu chenye bolti tatu. Filta mpya iliingia, bolti mbili za juu zikakaa vizuri. Ikabaki ya chini. Nilikuwa nimekaa juu ya bidoni, dumu tupu la mafuta, namwangalia mikono. Nikamwambia ana nguvu. Akanitazama, akatabasamu, akavuta spana mara nyingine ili nione. Macho yalikuwa kwangu, hayakuwa kwenye bolti.

Ililia kidogo tu. Kisha ikazunguka bure. Alipoitoa, meno ya ndani ya tundu yalitoka nayo, yamejiviringisha kama uzi unaong'aa.

Akaifunga hivyo hivyo, akawasha. Mafuta yalimwagika mpaka kwenye viatu vyake. Uso wake ulikauka. Nilimkumbatia. Alikuwa kama mti.

Alhamisi, tarehe 6

Amejaribu bolti ndefu zaidi: ilifika mwisho wa tundu, haikushika kitu. Gundi ya kuchanganya: iliachwa ikauke mpaka leo, injini ilipopata moto ikaachia. Tone, tone, kisha mfereji.

Mdogo wangu Neema amepiga simu. Baba hali chakula. Miguu imevimba. Presha tena.

Sikumwambia Kashindi mpaka alipomaliza kunawa mikono. Akaenda kuinawa upya.

Jumamosi, tarehe 8

Tumeisukuma mpaka Mulongwe, kwa fundi wanayemwita Dokta. Alichuchumaa, akachungulia tundu, akacheka kwa sauti.

"Bwana-arusi! Ulikuwa unakaza bolti ao unakaza ndoa?"

Gereji nzima ilicheka. Kashindi hakucheka.

"Hii haiko chuma, ndugu yangu. Iko kama siagi. Unaishika polepole, kama mukono ya madamu."

Alilipanua tundu kwa mashine ya kutoboa, apate kuchonga meno makubwa zaidi. Umeme ukakatika katikati ya kazi. Uliporudi, mashine iliruka, tundu likaenda upande. Bolti mpya imeinama kama jino bovu na kifuniko hakilali. Sasa ni pabaya kuliko mwanzo.

Nilikwenda nyuma ya kontena la gereji nikalia mpaka nikachoka. Nilikuwa nimevaa kitenge cha harusi. Sijui kwa nini nilikivaa kwenda gereji.

Jumatatu, tarehe 10

Mama amepiga mwenyewe. Yeye huwa hapigi, anaogopa kumaliza salio. Amesema neno moja, "Mukuje," akakata.

Nilimwomba Kashindi tupande gari liendalo Sange, tushuke Runingu. Amekataa. "Muzee alinipa pikipiki mbele ya kanisa nzima. Nifike kwake mikono mitupu, nimuambie niliiua?" Anaamini Baba anashikilia roho kwa kuisubiri. Akiisikia tu ikiingia, atainuka. Ubaya ni kwamba na mimi nimeanza kuamini.

Nikasema basi nakwenda peke yangu. Mama mkwe akaniketisha. "Wakimuambia binti yake amerudi bila bwana, ndiyo itamuua kabisa." Ana haki. Wote wana haki, na Baba anakufa.

Leo nimemchukia mume wangu. Haikudumu, lakini ilikuja. Nilitazama ile mikono na sikuona uzuri wowote. Tumelala tumepeana migongo.

Jumanne, tarehe 11

Dokta ametupeleka Kalundu kwa mtu mwenye mashine ya kuchonga vyuma. Amechonga kibomba kidogo cha shaba, chenye meno nje na meno ndani. Dokta amelinyoosha tundu kwa mkono safari hii, hakutaka kusikia habari ya umeme, akakisokomeza kibomba humo pamoja na gundi isiyoogopa moto. Bolti itashika shaba, haitagusa tena aluminiamu. Lazima gundi ilale.

Na sisi tumelala. Sijui kama usingizi utakuja.

Jumatano, tarehe 12

Imewaka! Dokta akapitisha kidole chini ya kifuniko. Kikavu. Tukaiacha ingurume mpaka injini ikawa moto kabisa. Kikavu! Kashindi alinibeba mbele ya wote, mafuta ya mikono yake yote kwenye blauzi yangu. Siifui.

"Siku ingine ukaze na vidole viwili," Dokta akasema, "na madamu abakie nyumbani!"

Safari hii Kashindi alicheka. Nilikuwa nimekisahau kicheko hicho.

Mama mkwe amekubali twende ingawa siku haijafika. Sasa ni jioni, na saa hizi njia ya bondeni si salama, kwa hiyo tunaondoka kesho mapema. Nimefunga ndagala, dagaa wa ziwani, za Mama na sukari ya Baba.

Alhamisi, tarehe 13

Tulikuwa tumefika Kiliba Neema alipopiga. Baba amefariki alfajiri.

Tuliendelea. Pikipiki ilikwenda vizuri, haijawahi kwenda vizuri hivyo. Niliilaani njia nzima.

Kabla kidogo ya kufika kwa wazazi wangu Kashindi akazima injini. Huingii penye kilio na kelele. Akashuka akaisukuma, mimi nyuma yake. Wanawake waliponiona wakaanza kulia upya. Pikipiki ilipita katikati yao kimya.

Jumapili, tarehe 16

Tulizika Ijumaa.

Mkwe halali ndani ya nyumba ya wakwe. Kashindi analala nje kwenye mkeka, na wanaume, kando ya moto. Asubuhi nampelekea maji ya kunawa uso. Anapokea kwa mikono miwili, kama mgeni. Jana alimuuliza Neema kama Baba aliiulizia pikipiki. Neema alisema hajui, hakuwa chumbani.

Leo nilikuwa nachambua maharage na Mama. Nikamuuliza mimi.

"Pikipiki? Hapana. Alikuwa anauliza weye tu. 'Mutoto wangu iko wapi?' Hata mungekuja juu ya lori."

Akatoa kijiwe kwenye maharage, akakitupa, akaendelea.

Nilitazama nje. Kashindi alikuwa akipasua kuni pamoja na baba wadogo, shati limelowa mgongoni. Wengine walikuwa wamepumzika. Yeye hajapumzika tangu tufike.

Sitamwambia.

Maharage yalipoiva nilimpakulia yeye kwanza, nikampelekea, nikakaa karibu. Alikula yote. Akaniuliza Mama amesema nini. Nikasema Mama anashukuru kwa kuni.